Sanduku Lililokataa Feni

Ingia duka lolote la kompyuta pale Moi Avenue uulize bei ya sipiyu. Hakuna mtu atakayekutolea kile kichipu kidogo ambacho vitabu vya shule hukiita kwa jina hilo. Utaonyeshwa sanduku zima la chuma, zito, limepangwa ukutani na wenzake. Wajuaji huwacheka watu kwa hili. Mimi naona wateja wana hoja. Prosesa ya leo ukiiwasha bila kitu cha kuiondolea joto, itajizima yenyewe kabla hujamaliza kunywa maji. Sanduku ni nusu ya mashine, na historia yake haifundishwi popote. Tunafundishwa tu kwamba chipu ilikuwa ndogo, ikawa ndogo zaidi, ikawa kasi zaidi, basi.

Jambo moja kwanza, kabla hatujaenda mbali. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka kama joto. Wote. Redio angalau hutoa sauti, balbu hutoa mwanga, lakini prosesa inafanya hesabu, na hesabu haina uzito wala haitoki dirishani. Ukiipa wati 65, umewasha hita ya wati 65 ndani ya sanduku. Swali la mhandisi ni moja tu: hilo joto litapitia wapi? Unaweza kuliacha lipande lenyewe, maana hewa moto hupanda, kama moshi wa jiko unavyotafuta paa. Au unaweza kuweka feni ilisukume nje. Njia ya kwanza ni kimya, haina kitu cha kuharibika, na ni dhaifu. Ya pili ina kelele, inavuta vumbi, na inafanya kazi.

Steve Jobs alichukia feni. Hii si siri, waandishi wa maisha yake wameirudia mara nyingi. Alikuwa kijana wa kutafakari kwa mtindo wa Zen, na ule mvumo wa feni aliuona kama mgeni anayeongea wakati wa sala. Kampuni yake ilipouza Apple I mwaka 1976, kwa dola 666.66, iliuza bodi tupu. Kibodi, pawa saplai na sanduku ulijitafutia mwenyewe, na kuna watu waliojichongea sanduku za mbao. Mashine iliyofuata Jobs aliitaka iwe kama chombo cha jikoni: uichomoe kwenye katoni, uichomeke ukutani, ifanye kazi. Na iwe kimya.

Aliyemwezesha ni Rod Holt, mhandisi aliyeletwa kupitia watu wa Atari. Pawa saplai za kawaida za siku hizo zilibeba transfoma zito la chuma na shaba, kisha umeme uliozidi ziliuchoma tu kuwa joto, kama dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Holt alitengeneza saplai inayowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, ikichukua kile tu kinachohitajika. Ikawa ndogo, nyepesi, na haichemki sana. Jerry Manock akachora sanduku la plastiki lenye matundu membamba pembeni, na Aprili 1977, kwenye maonyesho kule San Francisco, Apple II ikasimama mezani bila feni hata moja.

Ikakubali. Ilikubali vizuri mno, na nadhani hapo ndipo kampuni ilipojifunza somo ambalo halikuwepo. Ndani ya Apple II kulikuwa na nafasi nane za kadi za nyongeza, na wanunuzi, watu kama mimi na wewe, walizijaza: kadi ya kumbukumbu, kadi ya diski, kadi ya printa. Kila kadi ikaleta joto lake. Haikuchukua muda kampuni ya Kensington ikaanza kuuza kifaa kinachoning'inizwa ubavuni mwa Apple II, rangi ileile ya krimu ili kisionekane kigeni. Ndani yake kulikuwa na nini? Feni. Ukimya wa Jobs ulitolewa bure dukani, halafu mteja akaenda kununua kelele kwa pesa yake.

Mei 1980 ikatangazwa Apple III. Hii ilikuwa mashine ya ofisi, mashine ya watu wa tai, bei kuanzia dola 4,340 hadi 7,800 kulingana na ulichotaka ndani. Amri ilikuwa ileile, hakuna feni. Na safari hii umbo la sanduku liliamuliwa mapema, halafu wahandisi wa saketi wakaambiwa waingize kila kitu humo. Manock alifanya alichoweza: chini aliweka kitako kizima cha alumini ya kumiminwa, kizito kama sufuria ya harusi, ili mwili wote wa mashine uwe ndio wa kunyonya joto na kulitoa nje.

Mashine zilianza kufa. Nyingine zilifika kwa mteja zikiwa zimekufa tayari. Tatizo mojawapo lilikuwa hili: chipu za wakati ule zilichomekwa kwenye soketi, kama plagi, hazikulehemiwa. Ukiwasha mashine asubuhi, chuma kinapanuka. Ukizima jioni, kinanywea. Asubuhi tena, jioni tena, na kila mara mguu wa chipu unapanda kidogo sana kutoka kwenye tundu lake, mpaka siku moja haugusi. Apple iliwaambia wateja wenye mashine iliyokwama wafanye nini? Iinue inchi chache juu ya meza, uiachilie idondoke. Naapa. Mashine ya dola elfu kadhaa. Aliyekulia kwenye nyumba yenye ile televisheni ya zamani ya kupigwa kofi ubavuni picha itulie anajua tiba hii, ila sisi hatukupewa na kampuni.

Nani alaumiwe? Wenyewe hawakuwahi kukubaliana. Steve Wozniak alisema mashine ilibuniwa na idara ya mauzo badala ya wahandisi. Manock alilitetea sanduku lake: joto lilikuwa linatoka sawasawa, kosa lilikuwa kwenye bodi, nyaya zake zilibanana na kuwa nyembamba mno. Mimi namwamini Manock nusu. Inawezekana kabisa kitako cha alumini kilifanya kazi yake. Lakini bodi ilibanana kwa nini? Ilibanana kwa sababu sanduku lilipimwa kabla ya kujulikana kitakachokaa ndani yake. Hizo hoja mbili ni watoto wa baba mmoja. Apple ilibadilisha mashine 14,000 za kwanza, ikatoa toleo lililorekebishwa mwishoni mwa 1981, na 1984 ikaizika kabisa.

Wakati huohuo, Agosti 1981, IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani kutoka Boca Raton, Florida. Sanduku la chuma, bapa, kama kabati la faili lililolazwa. Pawa saplai yake ilikuwa ya wati 63.5, na ndani ya hiyo saplai kulikuwa na feni, inavuma tangu unapowasha mpaka unapozima. Hakuna mtu aliyeitungia wimbo. Ila umbo lake lilinakiliwa na kila kampuni iliyotaka kuuza mashine inayofanana nayo, na kompyuta nyingi za mezani ulizowahi kuziona kwenye saiba ni wajukuu wa sanduku lile.

Ungedhani Apple ilikuwa imeelewa. Januari 1984 ikaja Macintosh: skrini ya bomba la kioo, pawa saplai na bodi, vyote kwenye kiboksi kimoja kilichosimama, kina mshikio juu, na hakina feni. Lile bomba la skrini peke yake lilikuwa chanzo cha joto. Watu wakaibatiza jina la kibaniko cha mkate. Soko likaamka tena: Kensington wakaja na feni yao ya kukaa juu, na kuna mtu aliuza bomba la kadibodi la kusimamisha juu ya matundu ya mashine, lifanye kazi ya dohani. Kichekesho, lakini fizikia yake ni safi: dohani ndefu huvuta hewa kwa nguvu zaidi, kila fundi wa tanuri anajua. Jobs aliondoka Apple Septemba 1985. Machi 1987 zikatoka Macintosh SE na Macintosh II, zote zina feni.

Hebu tusimame hapa kidogo, kwa sababu kuna kitu kinanikera kuhusu jinsi hadithi hii husimuliwa. Husimuliwa kama ugomvi wa ladha, msanii upande huu na wahandisi upande ule. Mimi naona ni ugomvi kuhusu chumba. Sanduku lisilo na feni limeshaamua utaishi wapi. Limekuweka kwenye chumba kisafi, nyuzi 22, mtu mmoja anaandika, dirisha limefungwa. Chukua hesabu rahisi. Tuseme chipu inavumilia nyuzi 70. Kwenye chumba cha nyuzi 22, kati ya chipu na hewa kuna tofauti ya nyuzi 48, na ni hiyo tofauti inayosukuma joto litoke. Peleka mashine ileile Mombasa mwezi wa pili, kwenye ofisi ya nyuzi 33. Tofauti sasa ni 37. Umepoteza karibu robo ya uwezo wa kupoza na hujagusa skrubu hata moja. Kisha iongezee hewa ya chumvi, ambayo inakula miguu ya shaba polepole bila kelele.

Nairobi tunajisifu baridi, lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Feni ikizunguka mara elfu moja hapa, inabeba hewa kidogo kuliko ikizunguka mara elfu moja Likoni. Na tuna vumbi. Vumbi jekundu la Januari linaingia kwenye kila kitu, linakaa kati ya mapezi ya alumini juu ya prosesa mpaka yanakuwa blanketi. Fundi akifungua sanduku la miaka mitano, hatua ya kwanza si bisibisi tu, ni bloa, nje ya mlango, uso umegeuzwa pembeni.

Kwa hiyo kwangu shujaa wa historia hii ni kitu kinachochosha kukitaja: karatasi ya vipimo. Mwaka 1995 Intel ilitoa ATX, maelezo ya ukubwa wa madabodi, milimita 305 kwa 244, tundu la kila skrubu liko wapi, waya gani wa pawa saplai una volti ngapi, na hewa inapita njia gani. Yeyote aliruhusiwa kutengeneza. Matokeo yake saplai ya kampuni moja inaingia kwenye sanduku la kampuni nyingine na kulisha bodi ya kampuni ya tatu. Hiyo ndiyo sababu unaweza kushuka Luthuli na saplai iliyoungua mkononi ukarudi na nyingine kabla ya chakula cha mchana, bila kujua jina la aliyeitengeneza ya kwanza.

ATX yenyewe haikuzaliwa timamu. Toleo la kwanza lilipendekeza feni ya pawa saplai ivute hewa kutoka nje na kuipulizia prosesa moja kwa moja. Kwenye karatasi unaokoa feni moja. Kwenye maisha ya kawaida, hewa hiyo imeshapita kwenye saplai ikapata moto kabla ya kufika kwa prosesa, na imebeba vumbi la chumba kizima kuja kulimwaga ndani. Ikabidi wageuze: saplai itoe hewa nje, prosesa ipewe feni yake. Ukitaka kujua kama kiwango kina afya, angalia kama kinakubali kugeuzwa.

Na joto lilikuwa linapanda kwa fujo. Chipu ya IBM ya 1981 haikuhitaji hata kipande cha alumini juu yake. Pentium za kwanza, 1993, zilifika wati 16 hivi, zikahitaji mapezi na feni. Februari 2001 Pat Gelsinger wa Intel alisimama mbele ya mkutano wa wahandisi wa saketi na mchoro wake ukawa maarufu: tukiendelea hivi, alionyesha, joto kwa kila sentimita ya mraba ya chipu litafika lile la mtambo wa nyuklia, kisha bomba la roketi, kisha uso wa jua. Watu hucheka wakiuona mchoro ule siku hizi. Sijui kwa nini wanacheka. Kampuni yake mwenyewe iliendelea kupanda huo mlima kwa miaka mitatu mingine.

Jobs naye alikuwa amerudi, na Julai 2000 akatoa Power Mac G4 Cube. Kijisanduku cha inchi nane, kimening'inia ndani ya kioo cha plastiki, hewa inaingia chini na kutokea juu, hakuna feni. Nimewahi kuona picha zake nikakaa nikitazama tu. Ni kitu kizuri, jumba la makumbusho la MoMA kule New York linacho. Kiliuzwa dola 1,799, na wanunuzi hawakuja. Plastiki ilionyesha mistari ambayo watu waliiona kama nyufa, na pale juu, mahali ambapo mtu yeyote mwenye meza ndogo angeweka daftari, ndipo palipokuwa dohani. Chini yake, ndani, wahandisi walikuwa wameacha matundu ya kufungia feni ya milimita 80. Feni yenyewe haikuwekwa, lakini nafasi yake ilikuwepo. Napenda sana hizo tundu. Mtu fulani ofisini alijua. Julai 2001 Cube ikasimamishwa, na 2003 ikaja Power Mac G5 yenye feni tisa, zimegawanywa katika kanda nne, kila moja inajua mwendo wake.

Ukiruka mbele kidogo, 2013 walirudia tena na ile Mac Pro ya mviringo, feni moja juu ya nguzo moja ya alumini, na kufikia 2017 Craig Federighi alikuwa akikiri mbele ya wanahabari kwamba walijibana wenyewe kwenye kona ya joto. Mwaka 2019 walirudi kwenye sanduku la kawaida lenye matundu. Imetosha kuhusu Apple.

Turudi 2004, kwa sababu mwaka ule ndio uliotufikia sisi. Intel ilitoa Pentium 4 iliyoitwa kwa jina la ndani Prescott, iliyofika mpaka wati 115 kwenye kipande cha milimita za mraba 112. Fikiria moto wa balbu kubwa umekusanywa kwenye ukucha wa kidole gumba. Sanduku la ATX likaanza kushindwa. Jibu la Intel lilikuwa kiwango kipya, BTX: prosesa ihamie mbele kabisa ya sanduku, ipate feni kubwa yenye kifuniko cha plastiki kinachoelekeza upepo, na hewa hiyohiyo ipite moja kwa moja juu ya kila chipu nyingine mpaka itokee nyuma. Kiufundi ni mpango mzuri kuliko ATX. Nasema hivyo bila kusita. Upepo umenyooka, feni ni kubwa kwa hiyo inazunguka polepole, kelele ni kidogo.

Lakini Mei ileile ya 2004 Intel iliifuta prosesa iliyokuwa inafuata, Tejas, ambayo ingekuwa moto zaidi. Wakageukia njia ya kuweka prosesa mbili za mwendo wa wastani kwenye chipu moja. Zilipotoka Core 2 mwaka 2006, wati 65, ugonjwa ambao BTX ilikuja kutibu ulikuwa umepona. Mwaka huohuo Intel ikatangaza kwamba inaachana nayo.

Kulikuwa na balaa jingine la miaka hiyo, kimya zaidi. Kapasita, vile vikopo vidogo vya alumini vinavyosimama kuzunguka prosesa, vina maji ndani, na maji hayo hukauka kwa joto. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 ukizipunguza, kapasita inaishi mara mbili zaidi. Mapema miaka ya 2000 kapasita mbovu zilienea kwenye viwanda vya nusu ya dunia, zikavimba na kupasuka. Dell ilitenga dola milioni 300 hivi mwaka 2005 kwa ajili ya bodi zilizoharibika, na nyaraka za kesi moja zilionyesha baadaye kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 ilikuwa imesafirisha kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa hatarini. Joto halikuziumba zile kapasita mbovu, lakini liliziharakisha. Fundi mwenye chuma cha kulehemu na kapasita za shilingi chache angeweza kuifufua bodi kama hiyo, na wengi duniani walifanya hivyo.

Kwenye BTX ni hadithi nyingine. Dell ilikuwa mojawapo ya kampuni chache zilizoikumbatia kweli, na kompyuta zake za ofisi za aina ya OptiPlex za miaka ile, GX620 na 745 kwa mfano, zimejengwa hivyo. Ofisi za Ulaya na Marekani zilizitumia miaka mitatu minne, zikazibadilisha, na mashine za namna hiyo ndizo zinazotembea dunia nzima kama mtumba. Ukikutana nayo utaitambua haraka. Mlango wake unafunguka upande usioutarajia, kwa sababu bodi imegeuzwa kama kwenye kioo. Mbele utaona feni ya milimita 120 na handaki la plastiki, na ukilifungua lile handaki utakuta mapezi, mara nyingi yamejaa vumbi. Feni inapatikana. Saplai, kwenye ile ya mnara, unaweza kubahatisha. Lakini bodi ikifa, hakuna bodi nyingine dukani itakayokaa kwenye zile tundu za skrubu, wala ile bodi nzima ya mashine nyingine haina sanduku la kwenda. Fundi anatoa kumbukumbu, anatoa diski, anatoa prosesa akiiweka kwenye trei na nyingine, kisha sanduku linaenda kwa kilo.